Mahojiano ya Kutafuta Wazo la Biashara Yanapokwama: Dalili, Vyanzo na Tiba

Mtu anayetafuta wazo la biashara kwa kuwahoji watu kuhusu kero zao huanza akiwa na matumaini makubwa, na mara nyingi baada ya mahojiano manane au kumi hujikuta ana daftari lililojaa maneno lakini hana jambo la kufanyia kazi. Hapo wengine huamua kwamba njia yenyewe haifai, na wengine hudhani kwamba dawa ni kuwahoji watu ishirini zaidi kwa maswali yaleyale. Maamuzi yote mawili ni ya haraka. Mahojiano yaliyokwama yana dalili zinazosomeka, na karibu dalili zote hutokana na vyanzo vichache: mhojiwa hakuwa mtu anayehusika, au swali lilimtaka atoe maoni badala ya kusimulia tukio, au mhoji alikuwa na jibu lake tayari kabla ya kuketi. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa kuwa dalili ndiyo kitu cha kwanza unachokiona.

Kabla ya yote, lipime daftari lako

Usimhoji mtu mwingine yeyote kabla hujayasoma upya maandishi ya mahojiano uliyokwisha kuyafanya. Lugha yetu yenyewe inatupa kipimo kizuri cha kazi hii, nacho ni viambishi vya vitenzi. Chukua kalamu ya rangi moja, upigie mstari kila kitenzi chenye *-li-* kinachoeleza jambo lililotokea kweli: "nilipiga simu mara tatu", "tulimlipa mtu aje kurekebisha", "nilikesha nikitafuta risiti ile". Kisha chukua rangi nyingine, upigie mstari kila kitenzi chenye *hu-* au *-nge-*: "huwa tunachelewa", "watu hulalamika sana", "ningenunua", "ingetusaidia". Vitenzi vya kundi la kwanza ni ushahidi. Vya kundi la pili ni maelezo ya jumla na ahadi, na ingawa vinaweza kuwa vya kweli, haviwezi kubeba uzito wa mtaji wako.

Rangi ya pili ikizitawala kurasa, kasoro iko kwenye maswali uliyouliza, na mahojiano zaidi yatakuongezea karatasi tu. Rangi ya kwanza ikiwa nyingi lakini kila tukio likielekea upande wake, kasoro huenda iko kwenye uteuzi wa watu. Ikiwa matukio ni mengi na yanaelekea upande mmoja, nawe bado huridhiki, kuna uwezekano kwamba jibu umeshalipata, ila si lile ulilolitarajia. Jambo hilo tutalirudia mbele.

Dalili: kila mtu amelisifu wazo, lakini hakuna aliyerudi

Hii ndiyo dalili inayowapoteza watu wengi zaidi, kwa sababu inafanana na mafanikio. Mhojiwa ametabasamu, amesema wazo ni zuri, ameomba ajulishwe bidhaa itakapokuwa tayari. Miezi mitatu baadaye bidhaa iko tayari, naye hapokei simu zako. Mhojiwa huyo hakukudanganya kwa nia mbaya. Ulimweleza wazo lako, akaona uso wako ulivyojaa matumaini, naye akafanya ambalo mtu muungwana hulifanya mbele ya mwenzake aliyejitahidi.

Chanzo cha kwanza, basi, ni kwamba ulilitaja wazo. Mahojiano ya kutafuta tatizo hayapaswi kuwa na wazo ndani yake. Ukishasema, "Ninafikiria kutengeneza programu itakayowakumbusha wagonjwa tarehe zao za kliniki," mazungumzo yamekwisha kugeuka kuwa usaili wako wewe, na mhojiwa ndiye mwamuzi asiyetaka kumuumiza mtu. Tiba ni kuondoa wazo lote na kubaki na eneo la maisha au kazi unalolichunguza. Badala ya swali "Je, ungetumia programu kama hii?", muulize msimamizi wa kliniki, "Naomba unisimulie kuhusu mgonjwa wa mwisho ambaye hakufika siku aliyopangiwa. Mlijuaje kwamba hatafika? Nini kilifuata?" Akisema hakumbuki mgonjwa wa namna hiyo, umepata jibu la thamani kubwa bila kumlazimisha mtu kukukatisha tamaa.

Chanzo cha pili ni undugu na urafiki. Ukianza na watu wa nyumbani kwako, marafiki wa shuleni na wenzako wa kazini, sifa utakazopata ni za mapenzi waliyonayo kwako. Hilo halina maana kwamba usizungumze nao kabisa. Waombe wakutambulishe kwa watu wasiokujua, kisha mahojiano yenyewe uyafanye na hao wasiokuwa na sababu ya kukupendeza.

Chanzo cha tatu kimejificha zaidi, nacho ni maneno yaliyo ndani ya swali. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, chenye maana ya magari kubamizana, walikadiria wastani wa takriban maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi, chenye maana ya magari kugusana, walikadiria wastani wa maili 31.8. Filamu zilikuwa zilezile. Sasa fikiria tofauti kati ya "Unasumbuka kiasi gani na foleni hizi?" na "Jana ulipofika pale ilikuwaje?" Swali la kwanza limekwisha kuamua kwamba kuna usumbufu, nalo linamwomba mhojiwa aupime tu.

Dalili: "Hatuna tatizo lolote"

Umeuliza, "Una matatizo gani kazini?", na mhojiwa amefikiri kidogo, akajibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Usimwamini upesi, wala usimlaumu. Swali hilo lina kasoro tatu kwa wakati mmoja: ni pana mno kiasi kwamba kumbukumbu haina pa kushika, linamtaka mtu ajieleze kama mwenye kushindwa, na linapita juu ya kero alizokwisha kuzizoea. Mtu aliyeishi na mlango unaogoma kufunguka kwa miaka mitano hauhesabu tena kuwa ni tatizo. Anauinua kidogo kwa bega, anapita, na anayeona ajabu ni mgeni.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuliacha neno "tatizo". Mwombe akupitishe katika siku moja mahususi ya kazi, tangu alipofika hadi alipoondoka, na usimruhusu arukie kwenye *hu-*. Akisema, "Asubuhi huwa tunapokea mizigo," mrudishe kwa upole: "Leo asubuhi mlipokea mzigo gani? Nani aliupokea? Mliandika wapi?" Njia hii ya kudai tukio mahususi badala ya maelezo ya jumla ina historia ndefu. Mwanasaikolojia John Flanagan aliieleza kwa kina mwaka 1954, kutokana na kazi iliyofanywa na wanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo marubani waliombwa wasimulie matukio halisi ya kufaulu na kushindwa badala ya kuorodhesha sifa za rubani bora. Mtu anayesimulia tukio hutaja mambo ambayo asingeyataja kamwe kama angeombwa ayaorodheshe.

Tiba ya pili ni kutazama. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhoji anayeketi ofisini kwa mtu kwa nusu saa hajalala kitandani. Kampuni ya Intuit, iliyoanzishwa na Scott Cook na Tom Proulx mwaka 1983, ilijijengea desturi ya kuwaomba wanunuzi wa programu yake ya hesabu za nyumbani ruhusa ya kufuatana nao hadi majumbani mwao, ili wafanyakazi wake waone kwa macho yao jinsi mtu anavyoifungua, anavyoiweka kwenye kompyuta na anapokwama. Asili ya programu hiyo yenyewe ilikuwa ya namna hiyohiyo: mke wa Cook alikuwa akilalamika kuhusu uchovu wa kulipa bili za nyumbani. Kero ilikuwa imekaa mezani, na jambo lililohitajika lilikuwa mtu wa kuitilia maanani.

Unapotazama, tafuta hasa vitu ambavyo watu wamejitengenezea wenyewe. Karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mkono, daftari la pili linalorudia yaliyomo kwenye kompyuta, kundi la ujumbe wa simu lililoanzishwa ili tu kuthibitisha kwamba mzigo umefika, kijana aliyeajiriwa ambaye kazi yake ya kweli ni kukumbusha watu: kila kimoja ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeumia kiasi cha kutumia muda wake kujitibu. Eric von Hippel, mtafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alieleza mwaka 1986 umuhimu wa watumiaji wanaohisi hitaji mapema kuliko wenzao na ambao hawangoji kutengenezewa, bali hujitengenezea suluhisho lao. Ukimpata mtu wa namna hiyo, mpe muda mrefu kuliko wengine wote. Mwulize alichokijaribu kwanza, kwa nini alikiacha, na chombo chake cha sasa kinashindwa wapi.

Kuna chanzo kingine cha jibu la "hatuna tatizo" ambacho ni rahisi kukipuuza: hofu. Karani hawezi kusema mbele ya mkuu wake kwamba hesabu za mwezi uliopita zilifanywa mara mbili, na mwenye biashara hawezi kukiri mbele ya mfanyakazi wake kwamba hajui faida yake ni kiasi gani. Ukiona majibu yamenyooka kupita kiasi, tazama ni nani mwingine aliyemo chumbani. Wahoji watu mmoja mmoja, waahidi kwamba majina yao hayatatajwa, na uitimize ahadi hiyo hata kwa washirika wako mwenyewe.

Dalili: malalamiko ni mengi, na hakuna mawili yanayofanana

Watu kumi wamekupa kero kumi na tano. Mara nyingi chanzo ni kwamba kundi lako ni pana kuliko unavyodhani. "Wenye biashara ndogo" si kundi. Ndani yake kuna fundi wa magari, mshonaji, mwenye saluni na msambazaji wa vifaa vya ujenzi, na kinachowaunganisha ni udogo wa biashara zao tu. "Wazazi" si kundi pia. Kundi ni la watu wanaofanya kazi ileile, kwa vifaa vinavyofanana, chini ya shinikizo linalofanana, na ambao wakikutana wanaweza kuzungumza kwa saa nzima bila kulazimika kuelezana istilahi zao. Lipunguze hadi lifikie kiwango hicho: si shule zote, bali wahasibu wa shule binafsi za bweni wanaokusanya ada kwa awamu.

Ukishalipunguza, idadi inayohitajika si kubwa kama watu wanavyohofia. Greg Guest na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa mahojiano 60 waliyofanyiwa wanawake wa Ghana na Nigeria, na wakaona kwamba katika kundi lenye watu wanaofanana, mada za msingi zilikuwa zimekwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya sita, na mada mpya zilikuwa chache sana baada ya mahojiano ya kumi na mbili. Abbie Griffin na John Hauser, waliochunguza mahitaji ya wateja na kuchapisha kazi yao mwaka 1993, walikadiria kwamba mahojiano 20 hadi 30 ya mtu mmoja mmoja yanafichua takriban asilimia 90 ya mahitaji ya kundi la wateja linalofanana. Sharti la kufanana kwa watu ndilo linalozipa namba hizi maana, na ndilo ambalo wasomaji wa haraka hulisahau. Mahojiano kumi na mawili na watu kumi na wawili wasiohusiana ni sawa na kuhoji makundi kumi na mawili, kila moja kwa mtu mmoja tu.

Wakati mwingine, hata hivyo, kero zinaonekana tofauti kwa sababu tu umeziandika kwa majina ya juujuu. Mmoja amesema wateja hawalipi kwa wakati, mwingine amesema benki inamkatalia mkopo, wa tatu amesema anashindwa kununua malighafi kwa jumla. Soma matukio yaliyo nyuma ya maneno hayo na huenda ukaona jambo moja: fedha zao zinakaa mikononi mwa watu wengine kwa siku nyingi baada ya kazi kumalizika. Upangaji huu haufanyiki kichwani. Andika kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi, uvitandaze vyote mezani, na uvisogeze hadi mafungu yajitokeze yenyewe.

Dalili: wote wana kero moja, lakini hakuna aliyewahi kufanya lolote kuihusu

Hapa mhoji hufurahi mapema. Watu wanane kati ya kumi wamelalamikia jambo lilelile. Kisha unauliza, "Mara ya mwisho lilipotokea, ulichukua hatua gani?", na wote wanane wanajibu kwamba hawakuchukua hatua yoyote. Katika hali kama hiyo mimi huipa kero uzito mdogo sana, hata kama imelalamikiwa kwa sauti kubwa, kwa sababu mtu aliyeumia kweli hutafuta dawa, hata mbaya. Zipo kero ambazo watu hupenda kuzizungumzia kama wanavyozungumzia hali ya hewa.

Lakini usifunge faili kabla ya kupima vyanzo vingine viwili. Inawezekana kwamba anayeumia si anayelipa. Muuguzi anaweza kupoteza saa nzima kila siku akinakili taarifa zilezile kwenye vitabu vitatu, na asifanye lolote kwa sababu hana mamlaka ya kununua hata kalamu. Mwenye mamlaka yuko ghorofa nyingine na saa ile haimgusi. Hapo kero ni ya kweli, ila umemhoji mtu mmoja kati ya wawili unaowahitaji. Muulize muuguzi, "Mara ya mwisho kifaa kipya kilipoletwa hapa, nani aliamua kinunuliwe, na nani alitakiwa kukubali?" Kisha nenda kwa huyo aliyetajwa, ukajue kama saa zile zinazopotea humfikia kwa sura nyingine, labda kama malipo ya muda wa ziada au makosa kwenye ripoti.

Inawezekana pia kwamba waliwahi kujaribu zamani, wakashindwa, wakakata tamaa. Hii ni tofauti kabisa na kutojali, na hutaigundua usipouliza kuhusu miaka iliyopita. Aliyekata tamaa atakuambia kuhusu kifaa kilicholala stoo au mtaalamu aliyechukua fedha akatoweka. Sikiliza kwa makini sababu za kushindwa, kwa kuwa wewe pia utakutana nazo.

Kwa kero zinazobaki, tengeneza hesabu ndogo kutokana na matukio: hutokea mara ngapi kwa mwezi, kila mara inakula muda gani wa nani, na fedha kiasi gani zimetoka au zimekosekana. Usimwombe mhojiwa akupe jumla, maana ataikisia. Mwombe mara tatu za mwisho, moja baada ya nyingine, na jumla uikokotoe mwenyewe.

Dalili: mhojiwa anakupa suluhisho badala ya tatizo

"Tunachohitaji ni programu ya simu." Sentensi hii, au ndugu zake, itakujia mara nyingi, na ni vigumu kuikataa kwa sababu inaonekana kama agizo la mteja. Shida ni kwamba watu ni mashahidi wazuri wa yaliyowapata, lakini si wafasiri wazuri wa sababu zake. Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza katika makala yao ya mwaka 1977 jinsi walivyowaomba wapita njia wachague soksi ndefu za nailoni zilizo bora kati ya jozi nne zilizopangwa mezani. Wengi zaidi walichagua jozi iliyokuwa upande wa kulia kabisa, na walipoulizwa sababu walitaja ubora wa bidhaa. Jozi zote nne zilikuwa sawa. Hakuna aliyetaja kwamba mahali soksi zilipokaa ndipo palipomshawishi.

Kwa hiyo pokea suluhisho kwa heshima, liandike, kisha lifuatilie hadi kwenye tukio lililolizaa: "Mara ya mwisho ulipotamani kuwa na programu hiyo, ulikuwa unafanya nini?" Mara nyingi utakuta kwamba shida haihusiani na simu kabisa, mtu alikuwa hajui amuulize nani kama mzigo wake umekwisha kuondoka. Jihadhari na swali la "kwa nini" linalorudiwa mara tano mfululizo, kama inavyofanyika viwandani Toyota ilikoanzia njia hiyo. Inafaa kwa mashine na kwa michakato, lakini kwa mtu aliyeketi mbele yako, "kwa nini" ya tatu huanza kusikika kama mashtaka, naye huanza kujitetea. "Ilikuwaje hadi ikafikia hapo?" hufika mahali palepale bila kumjeruhi.

Dalili: majibu ni mafupi, na mahojiano yameisha ndani ya dakika kumi

Kwanza angalia kama ulikuwa unasoma maswali kwenye karatasi. Anayesomewa fomu hujibu kama anayejaza fomu. Kariri maeneo manne au matano unayotaka kuyafikia, kisha uache mazungumzo yachague njia.

Pili, pima ukimya wako. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, katika kazi alizochapisha miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu walisubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kusema tena, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na majibu ya "sijui" yakapungua. Sekunde tatu ni nyingi kuliko zinavyosikika. Zihesabu kimoyomoyo mara ya kwanza na utaona jinsi zinavyokuwasha. Maneno muhimu ya mahojiano mara nyingi huja baada ya jibu kuonekana limekwisha, pale mhojiwa anapoongeza, "Ila kuna siku moja..."

Tatu, sikiliza rekodi yako, ikiwa mhojiwa alikuruhusu kurekodi, na uhesabu dakika ulizozungumza wewe. Zikifikia nusu, hukuhoji.

Dalili: kila mahojiano yanathibitisha ulichokuwa unaamini

Ukweli hauna tabia ya kukubaliana na mtu mara zote. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa washiriki wake namba 2, 4 na 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani, nao waitafute kwa kupendekeza namba nyingine tatu tatu. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili, wakapendekeza 8, 10, 12 na nyingine za aina hiyo, wakaambiwa kila mara kwamba zinafaa, na wakatangaza jibu wakiwa na uhakika. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hawakuwa wamejaribu namba ambazo zingewakosoa.

Mhoji hufanya hivyohivyo anapouliza maswali ambayo dhana yake ikiwa kweli yatajibiwa "ndiyo", na ikiwa si kweli yatajibiwa "ndiyo" pia. Tiba ninayoiamini ni ya maandishi. Kabla ya kutoka, andika dhana yako kwa sentensi moja, na chini yake andika jibu ambalo likisikika utalazimika kuibadili. Kama huwezi kulitaja jibu hilo, hujawa tayari kuhoji. Wakati wa mahojiano andika maneno ya mhojiwa kama alivyoyatamka, si tafsiri yako, kwa sababu tafsiri ndipo dhana hupenyea. Ikiwezekana nendeni wawili, na kila mmoja aandike peke yake mambo matatu aliyoyasikia kabla hamjazungumza. Pale mlipotofautiana ndipo pa kurudia rekodi.

Yale majibu yasiyoingia kwenye fungu lolote yawekee ukurasa wake. Intuit hao hao walikuwa wakipata taarifa kwamba watumiaji wengi wa programu yao ya nyumbani walikuwa wakiitumia kwa hesabu za biashara ndogo, jambo ambalo kwa muda halikupewa uzito kwa kuwa halikulingana na bidhaa waliyoamini wameitengeneza. Walipolifuatilia, waliona kwamba wenye biashara wengi hawakuwa wahasibu na waliogopa lugha ya uhasibu, na hatimaye mwaka 1992 wakatoa QuickBooks, programu ya hesabu za biashara, ambayo ikawa bidhaa kubwa ya kampuni. Daftari lako linaweza kuwa na mstari wa namna hiyo uliouandika pembeni na kuusahau. Hili ndilo nililolisema mwanzoni kuhusu jibu lililokwisha kufika bila kutarajiwa.

Dalili: watu hawakubali kuhojiwa

Ombi lako ni refu mno, au linanukia biashara. Sema mambo matatu tu: unajifunza kuhusu kazi fulani, huuzi chochote, na unaomba dakika ishirini. Kisha utimize yote matatu. Kila anayekubali, mwombe mwishoni akutajie mtu mwingine mmoja anayefanya kazi kama yake. Ikiwa hata hivyo watu wa kundi fulani hawapatikani kabisa, ichukulie hali hiyo kama onyo la mapema, kwa sababu njia utakayohitaji kuwafikia kama wateja ni hiyohiyo iliyokushinda leo.

Dalili: mahojiano hayaishi, na uamuzi hauji

Ukifika mahali ambapo unaweza kukisia jibu la mhojiwa kabla hajalitamka, na ukakisia sawasawa katika mahojiano matatu mfululizo, swali hilo limekwisha. Kuendelea kuhoji baada ya hapo mara nyingi ni namna ya kukwepa hatua inayotisha zaidi. Rudi kwa watu watatu waliokupa matukio mazito kuliko wengine, uwasomee kero yao kwa maneno yao wenyewe, na uwaulize kama umeielewa ipasavyo. Watakusahihisha, na masahihisho hayo ni ya thamani.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu uanze, omba kitu kinachowagharimu. Inaweza kuwa kukutanishwa na mwenye kuidhinisha malipo, au kukabidhiwa kazi ile inayowachosha uifanye wewe kwa mkono kwa wiki moja, au malipo kidogo ya awali. Anayekubali mojawapo amekupa ushahidi ambao sifa mia moja hazifikii. Anayekataa vyote, usimbembeleze wala usimweleze faida zaidi. Muulize kero hiyo ilipotokea mara ya mwisho aliimaliza vipi, na uandike jibu lake neno kwa neno.